Kumchonga Kentrosaurus wa Tendaguru kwa Blender: mwongozo kamili kwa anayeanza

Magazetini na hata kwenye mazungumzo ya kawaida, yule mnyama mkubwa aliyechimbwa Lindi na kupelekwa Berlin tumezoea kumwita mjusi. Sina ugomvi na jina, ila ukikaa mbele ya kompyuta kumchonga dinosaria huku kichwani una mjusi, mkono nao utakufanyia mjusi: tumbo linaburuzika, magoti yametanuka pembeni kama ya kenge anayevuka barabara, mkia umelala chini kama kamba ya mbuzi. Wa kwanza wangu alikuwa hivyo hivyo. Nilikesha siku tatu nikimchonga magamba ya shingo moja moja, nikamwonyesha binamu yangu kwa fahari. Akamtazama, akauliza, "Huyu mamba ana mimba?"

Magamba yalikuwa mazuri, ila yalikaa juu ya mnyama asiyekuwepo. Kwa hiyo mwongozo huu wa kumchonga Kentrosaurus, dinosaria mla majani wa Tendaguru, unakwenda kinyume na nilivyoanza mimi: umbo kwanza, miguu pili, nyama tatu, na ngozi mwisho kabisa, ukibakiwa na nguvu. Sitarajii uwe umewahi kugusa programu ya kuchonga. Natarajia tu unajua kuwasha kompyuta na kusakinisha kitu.

## Kwa nini huyu

Wanaoanza wengi hukimbilia Tyrannosaurus. Mwache kwanza. Anasimama kwa miguu miwili, kwa hiyo kosa dogo la uzani linamfanya aonekane anaanguka. Mdomo umejaa meno. Na kila aliyewahi kuona filamu anajua, au anadhani anajua, anavyopaswa kuwa. Kentrosaurus ana miguu minne chini, kichwa kidogo kisicho na makuu, na mgongoni amebeba mabamba na miiba ambayo hata mkono mchanga ukiichonga inapendeza.

Tena ni wa nyumbani. Kilima cha Tendaguru kiko kama kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ukiongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba pale kwa mikono ya mamia ya wenyeji, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani. Mifupa ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Umaarufu ulimwendea Giraffatitan, yule mwenye shingo ndefu, ambaye kiunzi chake Berlin kimepanda juu zaidi ya mita 13. Kentrosaurus aliyepewa jina na Hennig mwaka 1915 anasimama ukumbi huo huo, kimya kimya. Jina lake ni la Kigiriki: kentron ni ncha, sauros ni mjusi. Mjusi ametufuata hadi maabara.

Alikuwa hai miaka kama milioni 150 iliyopita. Urefu wake ni karibu mita 4.5, na karibu nusu ya hiyo ni mkia. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, hivyo sehemu ya juu kabisa ya mgongo iko nyongani na kichwa kinakaa chini. Shingoni na mabegani kuna mabamba madogo, mawili mawili. Yakifika katikati ya mgongo yanaanza kuwa membamba, na kuanzia nyongani hadi ncha ya mkia yamegeuka miiba kamili. Ongeza mwiba mmoja mrefu kila upande wa mwili. Mwaka 2010 mtafiti Heinrich Mallison aliichukua mifupa ya Berlin iliyopigwa skani, akaiunganisha ndani ya kompyuta na kupima viungo vinavyoweza kwenda wapi. Uzani wa mnyama huyu, kwa hesabu zake, ulikaa nyuma sana, karibu na nyonga, kwa sababu ya ule mkia mzito. Shika hilo, tutalirudia.

## Vifaa

Programu ni Blender. Ni ya bure kweli kweli, si bure ya siku 30. Msimbo wake umekuwa wazi tangu 2002. Faili la kusakinisha lina megabaiti mia tatu na kitu, kwa hiyo panga bando lako. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha kwa kazi hii ukiwa na adabu ya kutozidisha meshi, yaani vile vipande vidogo vinavyounda umbo, na nitakuonyesha namna. Kompyuta kuukuu ikikataa toleo jipya, tovuti yao imehifadhi matoleo yote ya zamani. Chukua la nyuma kidogo.

Nunua kipanya chenye gurudumu. Kuchonga kwa kidole kwenye kibao cha laptopu ni mateso, na wengi huacha wakidhani hawana kipaji. Kibao cha kuchorea chenye kalamu ni kitamu zaidi kwa sababu kinahisi mkandamizo wa mkono, ila si lazima kwa mnyama wa kwanza. Kama huna kompyuta kabisa, kuna Nomad Sculpt ya simu na tableti, unailipia mara moja, na kuna SculptGL inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo. Vitufe vitakuwa vingine, mwendo ni ule ule.

Laptopu nyingi hazina vitufe vya namba vya pembeni, na Blender inavitegemea. Nenda Edit, Preferences, Input, uweke tiki kwenye Emulate Numpad. Sasa namba za juu ya kibodi zitafanya kazi hiyo: 1 ni mbele, 3 ni ubavuni, 7 ni juu, na 5 inaondoa au kurudisha mtazamo wa jicho unaofanya vya mbali vionekane vidogo. Kwa kupima, uondoe.

## Picha kabla ya udongo

Fungua folda, uweke picha za aina tatu. Ya kwanza ni mchoro wa kiunzi kutoka ubavuni, ule ambao mifupa ni myeupe ndani ya kivuli cheusi cha mwili. Ya pili ni picha za kiunzi cha Berlin, na hapa tafuta hasa za mbele na za nyuma, maana ubavu kila mtu anao lakini upana wa kifua na nyonga ndiko tunakokosea. Ya tatu ni wanyama hai: tembo kwa miguu, kobe kwa mdomo, mamba kwa mkia, ng'ombe kwa pembe.

Usitumie picha za sanamu za watu wengine wala midoli. Utaiga makosa yao ukidhani ni mifupa. Na angalia umri wa picha: zamani ule mwiba mrefu wa pembeni uliwekwa nyongani, siku hizi unawekwa begani. Ukichanganya picha za enzi mbili utabaki unajiuliza nani mwongo. Sisi tunaweka begani.

## Kutandika meza

Fungua Blender, chagua General, futa lile boksi la katikati kwa kitufe cha X. Bonyeza 3 uwe ubavuni, kisha buruta mchoro wa kiunzi kutoka kwenye folda uudondoshe ndani ya dirisha. Utasimama wima mbele yako. Uvute kwa S mpaka mnyama awe na urefu wa mita 4.5 ukipimia mistari ya gridi, halafu upunguze mwangaza wake usikusumbue.

Kwa nini urefu halisi? Kwa sababu kila namba utakayoandika baadaye itakuwa na maana. Ukisema sentimita 2, utajua ni unene wa kidole gumba chako juu ya ngozi ya mnyama.

Hifadhi sasa hivi. Ctrl na S, jina kentro_01. Kila ukimaliza hatua kubwa, hifadhi kwa jina jipya: 02, 03. Umeme wetu unajulikana.

## Mabonge

Mchonga vinyago wa Kimakonde anaanza na gogo la mpingo na kazi yake ni kuondoa. Akikata kidole, kimekwenda. Sisi tuko karibu zaidi na mfinyanzi: tunabandika, tunavuta, tunapunguza, na tukikosea kuna Ctrl na Z.

Bonyeza Shift na A, chagua Mesh, kisha UV Sphere. Hili bonge ni kiwiliwili. S kulikuza, G kulisogeza, R kulizungusha. Ukifuatisha herufi X, Y au Z, linabanwa lisitoke kwenye mhimili huo. Lirefushe liwe yai linalojaza mbavu kwenye mchoro. Ongeza lingine la nyonga, lingine dogo la mabega. Shingo ni mabonge matatu yanayofuatana, kichwa ni moja refu jembamba. Mkia ni sita au saba yanayopungua kuelekea ncha. Yaache yaingiliane, yasigusane tu.

Miguu, chonga ya upande mmoja pekee. Paja, muundi, unyayo. Mkono wa juu, mkono wa chini, unyayo. Kila kipande ni yai. Kila mara rudi mbele kwa 1 uangalie: mabonge ya katikati ya mwili yawe yamesimama juu ya mstari wa katikati kabisa, la sivyo baadaye mnyama atapinda.

Hatua hii inaonekana ya kitoto na ndiyo ninayoipa muda mrefu kuliko zote, saa nzima au zaidi. Mnyama wa mabonge asiyefanana na Kentrosaurus hatafanana naye hata ukimvisha magamba ya dhahabu.

## Kuyaunganisha, na hesabu ya vokseli

Chagua mabonge yote, la kiwiliwili liwe la mwisho, kisha Ctrl na J. Yamekuwa kitu kimoja, lakini bado ni viazi ndani ya gunia. Ndani kuna kuta zinazopishana. Bonyeza Ctrl na A, chagua Scale, ili programu isahau ulivyoyavuta. Ukiruka hapa, brashi zitakuwa duara upande mmoja na yai upande mwingine, na hutajua kwa nini.

Sasa ingia Sculpt Mode. Juu kulia kuna Remesh. Kazi yake ni kuliyeyusha umbo lote na kulijenga upya kwa vijisanduku vidogo vinavyolingana, kama kumwaga zege kwenye kalibu. Ukubwa wa vijisanduku hivyo ndio vokseli. Kiwango cha mwanzo kinachokuja na programu ni mita 0.1, yaani sentimita 10, na hapo ndipo mnyama wangu wa pili alipofia: nilibonyeza bila kuangalia, miguu ikawa vigutu na shingo ikakatika. Kitu chembamba kuliko vokseli hakiwezi kuishi.

Anza na 0.03, kisha Ctrl na R. Kumbuka kanuni moja: ukiigawa vokseli kwa mbili, idadi ya vipande inakuwa mara nne. Mnyama wa ukubwa huu, kwa sentimita 1, ana vipande karibu laki moja. Kwa nusu sentimita, karibu laki nne. Kwa milimita 2, unapita milioni mbili na kompyuta ya GB 8 inaanza kuhema. Washa Statistics kwenye menyu ya Overlays uone namba ikipanda. Shuka ngazi pale tu ambapo umbo ulilonalo haliwezi tena kubeba unachotaka kuchonga. Ukishuka mapema, kila kasoro kubwa itakuwa na vipande laki nne vya kulainishwa.

Mwisho, fungua Symmetry. Hakikisha X imewaka, kisha bonyeza Symmetrize ili miguu ya upande mmoja inakiliwe upande wa pili. Mwelekeo ukiwa kinyume, miguu yote itatoweka badala ya kuongezeka. Ctrl na Z, geuza mwelekeo, rudia.

## Kivuli

Brashi moja tu kwa sasa: Grab, kitufe G. Inashika na kuvuta. F inabadilisha ukubwa wake. Ifanye kubwa, nusu ya kiwiliwili. Fuata mchoro kutoka ubavuni, halafu picha za mbele, halafu juu. Brashi ndogo hapa inaleta vinundu.

Kila baada ya dakika kumi fanya jaribio la kivuli. Kwenye mipangilio ya mwonekano, pale juu kulia, weka taa Flat na rangi nyeusi. Mnyama anakuwa kivuli kitupu. Mtoto wa jirani akipita anapaswa kusema huyu ana mgongo wa mlima na kichwa chini. Akisema ng'ombe, endelea kuvuta.

Angalia tumbo kutoka mbele. Sisi huchora dinosaria wa duara kama pipa, lakini kundi la Kentrosaurus lina mwili mrefu wa kwenda juu na mwembamba wa kwenda pembeni. Nyongani ndiko kupana.

## Miguu, mahali mjusi anapojificha

Bonyeza 1, simama uso kwa uso naye. Mjusi na kenge mapaja yao yanatoka pembeni, kisha goti linakunja kushuka. Dinosaria paja lake linashuka chini moja kwa moja kutoka kwenye nyonga, kama nguzo chini ya boriti. Hii ni alama ya kundi zima, na ndiyo inayomtenga na mijusi yote unayoifukuza ukutani. Kama ukimtazama kwa mbele unaona goti la nyuma limechomoza nje ya ubavu, rudisha ndani.

Kutoka ubavuni, mguu wa nyuma ni mguu wa tembo kuliko wa mamba: mrefu, umenyooka, goti limekunjwa kidogo sana kuelekea mbele, kisigino kiko chini karibu na ardhi. Wa mbele ni mfupi, mnene, kiwiko kinatazama nyuma. Nyayo za mbele zina vidole vitano vifupi vilivyopangwa nusu duara. Za nyuma vitatu, butu, kama kwato. Kucha ndefu za simba ziache.

Sasa lile la uzani. Chora kwa jicho mstari wa kushuka kutoka mbele kidogo ya nyonga. Mzigo mwingi wa mnyama unashukia hapo, kwa hiyo unyayo wa nyuma uwe karibu na mstari huo, si nyuma yake mita nzima. Akisimama vizuri utamwona ametulia nyuma na mwepesi mbele, kana kwamba angeweza kuzungusha mabega akuelekezee mkia. Akionekana anataka kuangukia pua, usiongeze unene wa miguu ya mbele. Sogeza ya nyuma.

## Nyama

Shuka hadi vokseli ya 0.015. Brashi ni Clay Strips, inayobandika ukanda wa udongo kila ukipita. Ukishika Ctrl inachimba, ukishika Shift inalainisha. Pitisha kwa mwelekeo wa msuli wenyewe, kutoka mfupa hadi mfupa. Usipake kama rangi ya ukutani.

Darasa la bei nafuu liko mezani. Ukila mguu wa kuku, kile kipande chenye umbo la rungu, tazama kabla hujakimaliza: nyama yote imejikusanya juu, chini imebaki kano na ngozi. Muundi wa dinosaria uko hivyo, na kuku ni ndugu yake wa karibu kuliko mjusi. Kwa hiyo nenepesha juu, punguza kuelekea kisigino. Miguu wanayochonga wanafunzi wengi ni soseji, unene mmoja juu hadi chini.

Msuli mkubwa kuliko yote wanaoanza huwa hawaujui. Kutoka ubavuni mwa mkia unakwenda msuli mnene hadi nyuma ya paja; ndio uliovuta mguu nyuma mnyama alipotembea. Maana yake ni kwamba mkia hauanzi kama fimbo iliyochomekwa. Shina lake ni nene, karibu upana wa nyonga, na linaungana na paja bila mpaka mkali. Bandika hapo kwa ukarimu. Na mkia ubaki hewani, usawa wa nyonga ukishuka taratibu. Hakuna haja ya ardhi kuubeba.

Baada ya kubandika, lainisha nusu tu. Mnyama aliyelainishwa kabisa anakuwa puto. Aliyeachwa na kila mstari anakuwa mgonjwa wa njaa. Mahali pa mfupa kukaribia ngozi, kama goti, kiwiko na ncha ya nyonga, acha pakavu. Tumboni, acha mafuta kidogo. Alikuwa mla majani, na utumbo wa kusaga majani ni mkubwa.

Kichwani sitakawia. Ni kirefu, chembamba, mbele kina mdomo mgumu usio na meno kama wa kobe, meno madogo yako ndani zaidi. Funga mdomo. Macho ni mabonge mawili tofauti, kila moja limezamishwa kwenye tundu lake, kisha kope zinabandikwa juu na chini kwa Clay Strips ndogo na kukatwa kwa Crease. Jicho liwe dogo kuliko unavyotaka.

## Mabamba na miiba

Usiivute kutoka mwilini. Kila mtu hujaribu, kwa Snake Hook, na kila mtu hupata masikio ya sungura. Vichongwe peke yake.

Rudi Object Mode, ongeza bonge, libane kwa S na X liwe bapa kama andazi lililokaliwa. Remesh kwa 0.005, kisha chonga bamba moja kwa uangalifu: shina nene, kingo nyembamba, ncha ya mviringo. Hilo ni mama. Nakili kwa Shift na D, badilisha kila nakala kidogo kwa Grab. Ukifika katikati ya mgongo, zivute ziwe nyembamba na ndefu. Nyongani ziwe mikuki. Idadi na mpangilio fuata mchoro wako. Yaweke ya upande mmoja tu, halafu uyape modifier ya Mirror, na kwenye kisanduku cha Mirror Object uchague mwili, upande wa pili ujijaze wenyewe.

Tazama pembe ya ng'ombe iliyokaa juani mpaka ikachomoka. Ndani kuna kigutu cha mfupa, na juu yake ganda gumu la pembe ambalo ni refu na kali kuliko mfupa wenyewe. Miiba na mabamba haya yalivishwa ganda kama hilo, na kilichobaki kwenye miamba ni kigutu. Kwa hiyo ukifuata mfupa sentimita kwa sentimita utamnyima ukali wake. Ongeza urefu kiasi, noa ncha, na pitisha mifereji hafifu ya kupanda kutoka shinani kwa Crease yenye nguvu ndogo.

Kitu kingine: mabamba haya hayakuungana na uti wa mgongo. Yalikaa ndani ya ngozi. Kwa hiyo zamisha shina sentimita tatu hivi, halafu rudi kwenye mwili, uinue ngozi pembeni ya kila shina kama nyama inavyozunguka ukucha wa kidole chako. Kazi hii ni ya dakika mbili kwa kila bamba, na bila hiyo anaonekana amechomekwa kadi mgongoni.

Mwiba wa begani elekeza nje na nyuma. Ukielekeza mbele anakuwa nyati.

## Ngozi, sasa ruksa

Ngozi ya Kentrosaurus mwenyewe tuikisie kutoka kwa jamaa zake. Hesperosaurus, wa kundi hilo hilo, aliyepatikana Wyoming, Marekani, ameacha alama za ngozi kwenye mwamba: vigamba vya pembe sita visivyolaliana, upana wake milimita chache tu, na hapa na pale kigamba kikubwa kilichozungukwa na vidogo kama ua. Si magamba ya samaki yanayopandana kama vigae.

Milimita chache. Fanya hesabu na vokseli zako. Hata ukifika milimita 3, ambapo una vipande kama milioni moja, kigamba cha milimita 5 hakichongeki. Na mtu anayemtazama mnyama wa mita 4.5 mzima mzima kwenye skrini haoni vigamba hivyo. Siku zangu tatu za kukesha zilikwenda kwenye kitu ambacho kwa kipimo cha kweli hakingeonekana.

Kinachoonekana ni mikunjo. Shuka hadi 0.005, chukua Crease, chonga mikunjo pale viungo vinapokunjika: nyuma ya kiwiko, mbele ya paja, chini ya shingo. Mikunjo izunguke kiungo, ikatishe mwelekeo wa msuli. Kisha tawanya vile vigamba vikubwa, thelathini au arobaini, ubavuni na begani, bila mpangilio wa safu. Ukitaka ukavu wa vigamba vidogo, tumia picha ya umbile la ngozi ndani ya brashi, nguvu ya chini sana, na usipake mwili mzima.

## Pozi na picha

Kuna brashi inaitwa Pose inayokunja kiungo kizima kama mkono wa mdoli. Zima X kwanza, hifadhi nakala mpya, kisha geuza kichwa kidogo na upeleke mguu mmoja mbele. Mkia, kwa mnyama wa kwanza, uache umenyooka. Miiba yake ni vitu tofauti na haitafuata mkia ukipinda. Itabaki inaning'inia hewani na utaisogeza mmoja mmoja mpaka ukate tamaa.

Weka taa moja kubwa juu kwa pembeni na hafifu upande wa pili, kamera chini usawa wa kifua chako ukiwa umesimama kando yake. Kamera ya juu inamfanya mdoli. Blender ina njia mbili za kutoa picha. Eevee inatoa picha kwa haraka hata bila kadi ya picha ya maana. Cycles ni nzuri zaidi, ila kompyuta ndogo itapika usiku kucha. Kutoa picha, bonyeza F12.

Ukitaka kumchapa kwa printa ya 3D, unganisha kila kitu, pitisha Remesh ya mwisho, toa faili la STL. Nenepesha ncha za mkia kabla, kwani kwa kipimo cha sanamu ya mezani miiba inakuwa nyuzi na inavunjika ukiondoa nguzo za kushikilia.

Usimfute yule wa mabonge, kentro_02. Vuta shingo, refusha miguu ya mbele, na una mwanzo wa Giraffatitan kwa jioni moja. Au nenda bonde la Rukwa, ambako majina hayahitaji Kigiriki: Shingopana alipewa jina mwaka 2017, na Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019, yaani mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia, kwa sababu baadhi ya pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Moyo wenyewe hutauchonga. Uko chini ya nyama ya mkia, na ukiibandika nyama hiyo vizuri hakuna atakayeuona.